Zawadi za kidijitali kwenye kampeni za gemu: uchukue ipi ukiwa Nyanda za Juu Kusini?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uyole, anayesoma chuo hapa Mbeya, alinifuata akiwa na simu mkononi. "Kaka, kuna ya dola 25 na ya dola 60. Nichukue ipi?" Ilikuwa kampeni ya gemu inayochangishwa Kickstarter, tovuti ambapo watu huchangia kitu kabla hakijatengenezwa, zimebaki siku nne ifungwe. Kila kiasi ni ngazi yake: kwa dola 25 anapata gemu ikitoka. Kwa dola 60 anapata gemu hiyohiyo, na juu yake vazi la mhusika "kwa wachangiaji pekee", toleo la majaribio, muziki wa gemu, na jina lake kwenye orodha ya shukrani.

Tofauti ni dola 35. Ukipiga kwa shilingi 2,500 kwa dola unapata 87,500, na hapo benki haijaweka makato yake. Kwa mwanafunzi anayekula kwa posho ya Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku, hicho ni chakula cha siku karibu tisa. Kwa hiyo sikumjibu papo hapo. Nilimwambia arudi jioni, nikakaa kuzipanga zawadi hizi moja baada ya nyingine, kwa macho ya mtu anayecheza gemu huku kwetu na siyo Seattle.

Ahadi na kadi

Michango tunaijua. Kila aliyekulia huku amewahi kuletewa kadi ya mchango wa harusi, akaandika ahadi, akapigiwa simu na mweka hazina wa kamati, na mwisho akapewa kadi ya singo au ya dabo kulingana na alichotoa. Kampeni ya gemu ni hivyohivyo: unaandika ahadi, na kiasi cha ahadi ndicho kinachoamua unaingia ukumbini na nini. Ila harusi ina tarehe kamili, na ukumbi umeshalipiwa. Gemu inapewa tarehe ya makadirio tu. Gemu ya Shenmue III ilichangiwa mwaka 2015 ikitajwa kwamba itatoka Desemba 2017. Ilitoka Novemba 2019.

Kickstarter, iliyoanza 2009, hukata hela kampeni ikifungwa, tena kama lengo limefikiwa. Lisipofikiwa, hakuna anayekatwa. Indiegogo, tovuti nyingine ya aina hiyo, imewahi kuruhusu pia kampeni ambazo mchangishaji anabaki na chochote kilichopatikana, hata kikiwa robo ya lengo. Mimi kwa gemu nachangia zile za lengo kamili tu. Mtu akiomba dola 100,000 kwa sababu ndiyo gharama ya kuitengeneza, halafu akapata 20,000 na kuzichukua, gemu ile itatengenezwa na nini?

Ufunguo wa gemu: zawadi ya kawaida inayozipita nyingine zote

Kwenye ukurasa wa kampeni, gemu yenyewe haipambwi sana. Ndiyo kisanduku cha bei ya chini, na juu yake vimepangwa vya dhahabu vyenye neno "pekee". Lakini kabla hujatazama vile vya dhahabu, uliza ufunguo utakaopewa, yaani msimbo wa kuipakulia gemu, ni wa duka gani na wa kifaa gani. Wengi hulipita swali hili, na ndilo linaloumiza watu zaidi.

Tazama yaliyowapata wa Shenmue III. Watu zaidi ya 69,000 walitoa dola milioni 6.3. Wengi wa upande wa kompyuta walijua watapata gemu yao Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Juni 2019, miezi michache kabla ya kutoka, wakaambiwa toleo la kompyuta litakuwa kwenye duka jingine, Epic Games Store. Kelele zikawa nyingi hadi wakapewa nafasi ya kurudishiwa hela. Gemu nyingine, Phoenix Point, ilipita njia hiyohiyo mwaka huohuo. Kwa anayeishi kwenye intaneti isiyokatika, kubadilishiwa duka ni kero. Kwa aliyeko Makete au Ludewa, aliyechagua duka fulani kwa sababu ameshazoea namna linavyofanya kazi bila mtandao, ni kubadilishiwa gemu kabisa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Elite: Dangerous, gemu ya vyombo vya anga ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Kampeni yao ya mwishoni mwa 2012 ilipata zaidi ya pauni milioni 1.5. Wachangiaji waliambiwa kutakuwa na namna ya kuicheza peke yako bila intaneti. Novemba 2014, mwezi mmoja kabla ya kutoka, kampuni ikatangaza kwamba hilo limeondolewa. Gemu ni nzuri, watu wanaipenda mpaka leo. Lakini aliyechangia kwa sababu ya neno lile "bila intaneti" alibaki na kitu kingine kabisa, na huku kwetu wapo wengi ambao neno lile ndilo lingewafanya watoe hela.

Kwa hiyo nikiweka funguo bega kwa bega, kwa mazingira yetu naona hivi.

Ufunguo wa GOG, duka jingine la gemu za kompyuta, au faili la kusakinisha lisilo na kufuli, ndio wa kwanza kwangu. Unapakua mara moja ukiwa mjini penye wifi nzuri, unaweka kwenye flashi au diski ya nje, unapanda nayo basi hadi kijijini, unasakinisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Miaka kumi baadaye faili lile bado ni lako.

Wa Steam unafuata, na kwa wengi unatosha. Ukishapakua na kuifungua gemu mara moja, Steam ina namna ya kuendelea bila mtandao. Fahamu tu kwamba ufunguo uliopewa na mchangishaji haurudishwi dukani, maana hukuununua pale.

Wa PlayStation ndio wenye mtego kwa Mtanzania. Akaunti nyingi za PlayStation huku zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine, Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na msimbo wa PlayStation hufungwa kwa eneo. Msimbo wa Marekani hauingii kwenye akaunti ya Uingereza. Mdogo wangu aliyeko Iringa ana PS4, na kila mara kabla hajachangia namtuma amwandikie mchangishaji ujumbe: utatoa misimbo ya maeneo gani? Asiyejibu swali dogo kama hilo wakati anahitaji hela yako, atakujibu wakati ameshaipata?

Vazi la pekee

Sasa tuje kwenye kitu kilichomleta kijana wa Uyole. Vazi, rangi ya upanga, mnyama mdogo anayekufuata nyuma, alama ya nyota juu ya jina. Haya ndiyo yanayoitwa zawadi za pekee, na ndiyo yanayosukuma watu kuruka kutoka 25 hadi 60.

Mimi nimewahi kuingia huko. Mwaka 2016 nilichangia kampeni moja ya gemu ya kupigana mtandaoni, nikapanda ngazi kwa sababu ya koti jekundu la wachangiaji. Nilisubiri miaka miwili na zaidi. Koti likaja, na kwa miezi kadhaa nilifurahi nalo kweli, sitasema uongo. Kisha dukani mle ndani ya gemu likatokea koti lenye mshono uleule, rangi ya bluu, linauzwa kwa yeyote. Baadaye seva zikazimwa. Koti lilikuwa linakaa kwenye seva, siyo kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo likaenda na seva. Nimebaki na barua pepe ya kunishukuru.

Tangu hapo kila nikiona vazi la pekee najiuliza mambo mawili. Linakaa wapi? Na nani ataliona?

Kwenye gemu ya kucheza peke yako, vazi linakaa ndani ya gemu yenyewe, kwa hiyo linadumu, lakini hakuna atakayeliona zaidi yako na mwenzako mliyebanana naye kitandani ghetto. Kwenye gemu ya mtandaoni wataliona maelfu, lakini uhai wake uko mikononi mwa anayelipia seva. Ukitaka linalodumu, halionekani. Ukitaka linaloonekana, halidumu. Kwa dola mbili tatu za ziada si neno. Kwa dola 35, hapana.

Na lile neno "pekee" lisome polepole. Kuna pekee ya milele, na kuna pekee ya muda ambapo wachangiaji wanatangulia kupata na wengine wanafuata. Kuna pia pekee iliyosemwa ikasahauliwa. Star Citizen, gemu nyingine ya vyombo vya anga, iliyoanza kuchangisha 2012 na ambayo imeshavuka dola milioni 700 huku toleo kamili likiwa bado, ilikuwa na bima ya chombo isiyoisha muda, ambayo mwanzoni ilielezwa kama haki ya waliowahi. Miaka iliyofuata iliendelea kutolewa na vyombo vipya. Sisemi walidanganya. Nasema mradi unaoishi kwa kuuza vyombo kabla havijaundwa utakuwa na kila sababu ya kuendelea kuuza kile kilichowavutia wa kwanza, na wewe wa kwanza huna pa kwenda kulalamika.

Lipo jambo jingine kuhusu pekee ambalo kwangu ni la haki zaidi kuliko la hela. Vazi likiwa la pekee, sawa. Lakini baadhi ya kampeni hufungia wachangiaji silaha, misheni, au kipande cha hadithi. Hilo silipendi na ngazi hizo sizichangii. Kuna mtoto yuko darasa la tano leo Mafinga, atanunua gemu ile kwa hela yake ya kwanza miaka minane ijayo. Kwa nini akute mlango umefungwa kwa sababu hakuwa na kadi ya benki mwaka huu? Gemu si ukumbi wa harusi wenye viti vya kuhesabu. Kumfungulia yeye hakunipunguzii mimi kitu.

Waliolipatia hili ni haohao wa Elite: Dangerous niliowalaumu hapo juu. Waliwapa wachangiaji haki ya kuingia kwenye mfumo wa nyota uitwao Shinrarta Dezhra, wenye kituo kikubwa na bei ya punguzo kwenye vyombo. Lakini mchezaji mwingine yeyote akipanda kwa jasho lake hadi daraja la juu kabisa, la Elite, naye anaingia. Mlango mmoja, funguo mbili: uliwahi kuwaamini, au umecheza ukaiva. Mchangiaji anabaki na heshima yake na anayekuja nyuma ana njia. Ukikuta kampeni inaeleza zawadi yake ya pekee kwa namna hiyo, hao wamefikiria.

Jina lako ndani ya gemu

Hapa bei hupanda kutoka makumi hadi mamia ya dola, isipokuwa orodha ya shukrani, ambayo mara nyingi inakuja kwenye ngazi za chini. Orodha ile ipokee ikija na ngazi uliyokwisha kuichagua, usiilipie peke yake. Jina lako litapita kwenye skrini kati ya maelfu.

Kuingia ndani ya gemu kama mhusika, au kubuni kitu kitakachowekwa, ni habari tofauti, na kwangu ndiyo zawadi ya kidijitali yenye uzito kuliko zote kwa sababu inaungwa kwenye gemu. Haitegemei akaunti yako wala seva. Anayeinunua gemu Chile anakutana na ulichobuni.

Lakini zipo zinazofanywa vizuri na zinazoharibu. Kampuni ya Obsidian walipochangisha gemu ya Pillars of Eternity mwaka 2012, karibu dola milioni nne, waliuza nafasi za wachangiaji kuwa watu ndani ya gemu na kuandikiwa hadithi fupi. Gemu ilitoka Machi 2015, na watu hao wamejaa mijini na njiani, wenye majina yaliyowekwa kwa rangi ya dhahabu. Hadithi zao hazigusi mkasa mkuu, na wachezaji wengi wanaambiana mapema: mwenye jina la dhahabu mpite. Fikiria umelipa mamia ya dola ili wachezaji wafundishane kukupita.

Undertale ya Toby Fox ni kinyume chake. Mwaka 2013 aliomba dola 5,000, akapata zaidi ya 51,000. Wachangiaji wachache walibuni wahusika, na mtunzi akawasuka ndani ya dunia yake. Muffet, yule buibui anayeuza keki, alitokana na mchangiaji, na leo ni kati ya wahusika wanaopendwa sana kwenye gemu nzima. Wengi hawajui kabisa kwamba alianzia kwenye ngazi ya mchango.

Tofauti ya hawa wawili, kwa ninavyoona, ni idadi. Kampeni ikiuza nafasi mbili au tatu za kubuni, mtunzi ana muda wa kukaa na wazo lako. Ikiuza mia, utakuwa jina la dhahabu sokoni. Kwa hiyo kama mna kikundi, tuseme mko kumi hapo chuo cha Mkwawa mnaopenda gemu, na mnataka kuchanga pamoja kupata nafasi ya kubuni mhusika, angalieni kwanza nafasi ziko ngapi. Zikiwa chache, na mtunzi ni mtu mwenye kazi mnayoiheshimu, hapo ningewaambia changeni. Mleteeni mhusika wa Kihehe anayesalimia "kamwene", na muandike kabisa salamu hiyo kwa usahihi na maana yake, asije akaharibiwa na mtu asiyejua. Afrika haijakosa wa kuonyesha njia. Kiro'o Games wa Kameruni walichangisha Aurion mwaka 2015 wakavuka lengo lao la yuro 40,000, na gemu ikatoka Aprili 2016 ikiwa na dunia nzima iliyotokana na ngano za Kiafrika. Yenu ingekuwa sura moja tu, lakini ingekuwapo.

Toleo la majaribio

Hii ndiyo zawadi ambayo mtu wa Ulaya na mtu wa Makambako wanalipia bei ileile na kupata vitu viwili tofauti. Toleo la majaribio ni gemu isiyoiva. Kila baada ya wiki chache inaletwa upya, wakati mwingine yote kuanzia mwanzo. Kwa gemu ndogo hakuna shida: Undertale inahitaji nafasi ya megabaiti 200, hata bando la wiki linaibeba. Hollow Knight ni gigabaiti 9, unavumilia. Lakini Shenmue III iliomba nafasi ya gigabaiti 100. Pakua kitu cha ukubwa huo mara moja kwa bando la simu, kisha uambiwe wiki ijayo kuna sahihisho kubwa.

Pia kumaliza hadithi ikiwa mbichi kunakuharibia ikiiva. Mimi kwa gemu za hadithi sigusi majaribio hata nikipewa bure. Ningeichukua kwa sababu moja tu: kama unataka kujifunza kutengeneza gemu. Hapo kuona kitu kikiwa kimevunjika, na kuona mwezi unaofuata kimetengenezwa vipi, ni darasa ambalo vyuo vyetu bado hawalitoi.

Muziki, michoro, filamu

Hivi nitavipitia haraka kwa kuwa ni rahisi kuviamulia. Muziki kwa faili la MP3 au FLAC ni wako moja kwa moja, mwepesi kupakua, unausikiliza kwenye basi la kwenda Tukuyu. Kitabu cha michoro cha PDF, hali kadhalika. Vikiongeza dola tano, vichukue.

Filamu za namna gemu inavyotengenezwa nazipenda kuliko zote, na zina hadithi yake. Kampuni ya Double Fine Februari 2012 waliomba dola 400,000 wakapata zaidi ya milioni 3.3 kwa watu 87,000, na ndio waliofungua macho ya wengi kwamba gemu zinaweza kuchangishwa namna hii. Kwa dola 15 mchangiaji alipata gemu, iliyokuja kuitwa Broken Age, pamoja na filamu ya safari yote ya kuitengeneza, ikiwemo siku walizogundua hela hazitatosha. Mwanzo filamu ile ilikuwa ya wachangiaji. Baadaye ikawekwa wazi kwa kila mtu, na sikumsikia mchangiaji aliyejuta. Walishaiona ikiwa moto, sehemu kwa sehemu, wasijue mwisho.

Boksi la posta lenye sanamu na ramani ya kitambaa silihesabu hapa, maana si la kidijitali, lakini kwa kuwa mara nyingi hufungwa pamoja na vazi la pekee niseme moja. Usafirishaji hadi Tanzania unaweza kupita bei ya gemu, ushuru unakuja juu yake, na kutoka Dar hadi Mbeya bado kuna kilomita zaidi ya 800. Kama zawadi ya kidijitali unayoitaka imewekwa kwenye ngazi yenye boksi tu, waandikie uwaombe ngazi isiyo na boksi. Kampeni nyingi huongeza ngazi katikati wakiombwa na watu wa kutosha.

Malengo ya nyongeza: usilipie, ila furahi yakija

Kijana aliniuliza pia kuhusu ile orodha ya malengo ya nyongeza iliyo chini ya ukurasa: tukifika kiasi hiki tunaongeza mhusika, tukifika kile tunaongeza mji. Torment: Tides of Numenera ilivuka dola milioni nne mwaka 2013. Ilipokaribia kutoka 2017, baadhi ya yaliyoahidiwa yalikuwa yamekatwa, ikiwemo tafsiri ya Kiitaliano ambayo watu walikuwa wameichangia.

Upande wa pili kuna Team Cherry wa Adelaide, Australia. Mwaka 2014 walipata dola 57,000 za Australia kwa Hollow Knight. Lengo mojawapo la nyongeza lilikuwa mchezaji aweze kumchezesha Hornet, mhusika mwingine wa gemu hiyo. Nyongeza hiyo ikakua, ikakua, mpaka 2019 wakatangaza kwamba ni gemu nzima inayojitegemea, Silksong, na wachangiaji wataipata bure. Ilitoka Septemba 2025. Aliyechangia 2014 alipata gemu ya pili karibu miaka kumi na moja baadaye, bila vazi, bila alama ya nyota, bila kitu chochote ndani ya gemu ambacho mnunuzi wa kawaida hakukipata. Kwangu hiyo ndiyo zawadi bora kabisa niliyowahi kuiona kwenye kampeni ya gemu.

Na kutokuchangia je?

Nalo ni chaguo, tena halali. Gemu ikitoka unaitazama wengine wakiicheza, unanunua Steam, na usipoipenda una siku 14 za kuirudisha kama hujaicheza zaidi ya saa mbili. Mchangiaji hana hilo. Ukiwa na laptopu ambayo hujui kama itaibeba, subiri. Hakuna vazi linaloponya kadi ya picha iliyozidiwa. Changia pale tu ambapo unadhani bila nyie gemu ile haitakuwapo, na unataka iwepo.

Kijana aliporudi jioni, nilimuuliza laptopu yake ina nini. Inatosha. Gemu ni ya kucheza peke yako, ya hadithi, ufunguo ni Steam au GOG kwa hiari ya mchangiaji. Mtunzi ameshatoa gemu mbili nyuma, zote zilikamilika. Nikamwambia: chukua ya 25, chagua GOG, ongeza dola tano za muziki kama wanauza pembeni. Vazi liache, utakuwa unalitazama mwenyewe. Majaribio yaache, hadithi ile uikute imeiva. Angekuwa anasoma kutengeneza gemu ningemshauri ile ya 60, na ningemsaidia bando. Angekuwa mdogo wangu wa Iringa na PS4 yake, ningemwambia asubiri jibu la maeneo, na lisipokuja mpaka siku ya mwisho, aache.

Alitaka kulipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Inafaa, ila hapo kuna jambo la kushika. Kickstarter haikati leo. Inakata kampeni ikifungwa, na hiyo ni usiku wetu mara nyingi kwa kuwa wachangishaji wengi wako Marekani. Siku hiyo hela iwe ndani ya kadi, na kadi iwe ileile, haijaisha muda wala kubadilishwa namba. Ikigoma, anapewa siku saba za kurekebisha, baada ya hapo ahadi inafutwa. Na barua pepe aweke yake ya kudumu, siyo ya chuo, maana ufunguo utatumwa huko, na kwa tarehe waliyoiandika, utakuja akiwa ameshamaliza chuo mwaka mzima.